Nilimkwepa baba mkwe mlima mzima, tukapotea na mtoto wa watu: activity week yetu ya Ngozi

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo naogopa. Elimu yangu ni form two, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda mninyooshee kimya kimya. Ila nitakayoyasema ni kweli, hata pale ambapo ukweli wenyewe unaniumbua. Majina nimebadilisha, la mtoto hasa.

Nimechoka wakuu. Siyo uchovu wa kazi, huo nimeuzoea. Ni uchovu wa kueleza jambo moja kwa watu wengi, halafu kila mmoja anakuonyesha umekosea, na kila mmoja anaonyesha mahali tofauti. Nimeona niliweke hapa lote kwa mara moja, nikapumzike.

Mimi ni matroni kwenye shule moja ya English medium pale Mafinga. Watoto wananiita Anti. Kuamsha, kukagua kucha, kugawa dawa, kumbembeleza anayelilia kwao, hiyo ndiyo kazi yangu. Siyo mwalimu na sijawahi kujiita mwalimu.

Kila mwaka shule ina wiki wanaiita activity week. Vitabu vinafungwa wiki nzima. Wadogo wanabaki kupanda miti na kupika. Wa kati wanapelekwa sehemu za karibu. Kuna mwaka walienda Mgololo kuona karatasi inavyotengenezwa, wakarudi kila mmoja kashika kipande chake kama kapewa cheti. Darasa la sita ndio wanaotoka kabisa, wanalala nje na kupanda mlima.

Mwaka huu mpango ulikuwa Kitulo kuangalia maua. Wasichana hawaruhusiwi kusafiri bila mwanamke, na madam aliyekuwa amepangwa alikuwa likizo ya uzazi. Nikapangwa mimi.

Kusema kweli sikutaka. Mimi ni Msukuma wa Madibira. Wazazi wangu walihamia Usangu na ng'ombe kabla sijazaliwa, nimekulia kwenye majaruba ya mpunga. Kwetu ukisimama mlangoni unamwona mgeni wako tangu akiwa mdogo kama kunguru mpaka anakuwa mtu. Milima sikuijua na siipendi. Lakini ukiwa matroni hupangi, unapangwa.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze kitu kimoja, maana bila hicho mtaniona mwendawazimu huko mbele.

Nimeolewa na Mnyakyusa. Katika ukoo wa mume wangu (siwasemei Wanyakyusa wote, wengi wameacha, tena wako wanaokula meza moja na baba mkwe na kugombea paja la kuku), mkamwana hakutani na baba mkwe. Akipita njia hii wewe unaingia kwenye migomba. Unajifunika, unainama, unageukia pembeni mpaka apite. Humtaji jina. Humwangalii usoni. Hamshikani mikono, hampokezani kitu.

Nina watoto wawili kwenye ndoa hii, na mpaka siku ninayoisimulia sikuwahi kuujua uso wa baba mkwe. Nilijua kikohozi chake, gumbuti zake mlangoni, na mgongo wake akiwa mbali.

Watu wanafikiri anayehangaika ni mwanamke peke yake. Siyo haki kusema hivyo. Yule mzee kabla hajakata kona ya nyumba anakohoa ili ujue anakuja. Kuna siku alisimama mvuani nyuma ya zizi kwa sababu mimi nilikuwa natwanga uani na hakutaka nikimbie na mchi mkononi. Nilikuja kuambiwa baadaye, na niliona aibu. Kwa hiyo hii heshima ilikuwa ya pande mbili. Tuliibeba wote, kila mmoja upande wake.

Haya, tuendelee.

Tulitoka Mafinga vizuri, watoto wanaimba. Kufika Chimala, dereva akasimamisha basi pale panapoanza kupanda kwenda Matamba. Akashuka, akaangalia tope, akaangalia ukungu, akarudi.

"Mwalimu, mimi hapa sipandishi watoto wa watu."

Mwalimu Mlowe ndiye aliyekuwa kiongozi wa safari. Kijana wa michezo, Mhehe, utani mwingi, ila ni mtu wa kazi. Hakubishana. Alimpigia mwalimu mkuu, wakakubaliana twende Mbeya mjini, tulale hosteli ya kanisa pale Soweto, kesho yake watoto wapande Ngozi kuona ziwa lililoko juu ya mlima. Watoto wakashangilia, hata Kitulo wakaisahau.

Hapo ndipo nilipotakiwa kukumbuka. Kwao mume wangu ni upande ule ule wa Ngozi. Na miezi ya nyuma aliwahi kuniambia, "Mzee siku hizi amejiunga na kikundi cha kijiji, anapeleka wageni juu." Nilimsikia kama unavyosikia taarifa ya habari huku unachambua mboga. Likapita.

Asubuhi tukafika pale magari yanapoishia. Nilikuwa nimeinama mlangoni mwa basi namfunga mtoto mmoja kamba za viatu, nikasikia mtu anakohoa.

Wakuu, nilimjua kabla sijageuka.

Niliiacha ile kamba nusu. Nikazunguka nyuma ya basi, nikachuchumaa kwenye tairi, kanga kichwani. Mtoto kabaki na kiatu kimoja wazi anashangaa.

Mwalimu Mlowe akanifuata.

"Matroni, tumbo?"

"Hapana, Mwalimu. Yule guide ni baba mkwe wangu."

Akachungulia. "Yule mzee? Mbona mpole?"

"Siyo habari ya upole. Sitakiwi kuonana naye."

"We Msukuma umekuwa Mnyakyusa lini?"

"Tangu ng'ombe wa mahari walipofika nyumbani kwetu."

Akacheka, kisha akaacha. Akaniuliza kama nataka nibaki kwenye basi. Nikamwambia wasichana nani atakuwa nao? Akauliza kama amwombe mzee atoe mtu mwingine. Wenzake wote walikuwa wameshaondoka na wageni, na mimi niliona ni kumvunjia heshima, mzee amekuja kazini aambiwe arudi kwa sababu ya mkamwana. Nikasema, "Usimwambie kitu. Yeye atakuwa mbele, mimi nitakaa nyuma kabisa. Hatutaonana."

Mwalimu akakubali. Baadaye watu wamemlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu, maana mpango ulionekana mzuri kabisa. Guide mbele, mwalimu katikati, matroni mwisho. Hata kama tusingekuwa na ukwe tungejipanga hivyo hivyo.

Nikampigia mume wangu. Alicheka mpaka akakohoa na yeye.

"Jifiche tu, mama Eliya. Mlima ni mkubwa."

Tukaanza kupanda. Msitu wa Ngozi ni mzito, majimaji, mizizi imetambaa njiani kama mishipa ya mkono wa mzee. Kila kona mbele yangu nilisikia kikohozi. Nikajua amejua. Pengine aliiona kanga ikikimbilia nyuma ya basi, na mwanamke anayemkimbia mzee wa umri wake namna ile ni mkamwana tu. Basi kila akikata kona anakohoa ili mimi nijue yuko wapi. Watoto hawajui hili wala lile. Wakaanza kumwiga. Mlima mzima ukawa unakohoa.

"Babu ana kifua," wakawa wanasema.

Nyuma nilikuwa na Vanessa. Binti mdogo wa umbo, kwao Iringa mjini, mtoto wa pekee kwa mama yake. Alikuwa amenunuliwa viatu vipya vya kupandia mlima, na wote tunajua kiatu kipya kinavyomfanya mtu. Kisigino kilikuwa kimeanza kuchubuka. Nikamwekea plasta, tukawa tunakwenda polepole, anasimama, nasimama.

Kufika juu wenzetu walikuwa wamejaa pale ukingoni wanaangalia ziwa chini, "waaa, waaa." Mimi nikabaki nyuma ya mti mkubwa, nimewapa mgongo, nasubiri mzee asogee ili nami nikaone. Walipoondoka pale ukungu ulikuwa umeshafunika. Ziwa sikuliona. Mpaka leo mtu akiniuliza Ngozi likoje namwambia jeupe.

Kabla ya kushuka mzee aliwakusanya watoto akawapa maelekezo. Sauti niliisikia, ila maneno sikuyashika. Na hapa niwe mkweli, sikutaka kuyashika. Hakuna mila inayosema usimsikilize baba mkwe akiongea na watoto. Ningesogea kidogo nikiwa nimejifunika nisingemkosea mtu. Ila nilivyozoea, nikisikia sauti yake masikio nayo yanainama. Sijui kama hilo ni kosa au mazoea.

Alichokuwa anawaambia ni hiki, nilikuja kuambiwa. Chini kidogo njia inagawanyika. Ile pana siyo njia, ni ya wakata mianzi, inaishia porini. Mfuate ile nyembamba ya kulia.

Mvua ikaanza, nyepesi ila ya baridi. Watoto wakashuka haraka. Mwalimu Mlowe akarudi mara moja kutuangalia. "Mnaweza?" Vanessa mwenyewe akajibu, "Tunaweza, Mwalimu." Na alikuwa anaweza kweli, anachechemea tu. Mwalimu akaenda kuwawahi wengine waliokuwa wanateleza.

Tukafika pale njia panda hakuna mtu. Ukungu umefunga, sauti za watoto nazisikia huku na kule, huwezi kujua zinatoka wapi. Nikaangalia ile nyembamba, ni kama ya mbuzi. Nikaangalia ile pana. Mimi ni mtu wa tambarare, kwetu njia pana ndiyo inayokwenda kwa watu. Nikashika pana.

Tulitembea muda. Mianzi ikazidi. Halafu Vanessa akateleza kwenye majani ya mianzi, mguu ukapinda chini yake. Alilia mara moja tu kisha akajikaza, na hicho kilinitisha zaidi. Nilipoangalia mbele nikaona visiki vya mianzi iliyokatwa, na baada ya visiki hakuna njia.

Simu haikuwa na mtandao. Nikambeba mgongoni nirudi naye juu, hatua chache tukaanguka wote. Nikajaribu tena, tukaanguka tena. Nikakaa naye chini.

"Anti, tumepotea?"

"Hatujapotea. Tumechelewa."

"Tumechelewa wapi?"

Sweta lake lilikuwa linatiririka maji. Alianza kutetemeka, midomo ikabadilika rangi, halafu maneno yakaanza kumtoka taratibu kama mtu mwenye usingizi. Mimi siyo nesi, ila nimekaa na watoto wa baridi ya Mafinga, najua mtoto anayetetemeka na najua mtoto anayeacha kutetemeka. Nikamvua sweta, nikaitoa kanga kichwani, nikamfunga nayo, nikamkumbatia.

Ndipo nikasikia kikohozi huko juu yetu. Halafu sauti: "Walio nyuma! Walio nyuma mko wapi?"

Hakuniita kwa jina. Asingeweza.

Vanessa akainua kichwa. "Anti, ni babu!"

Wakuu, hapa ndipo pagumu. Nilimwambia, "Nyamaza."

Sikupanga. Mdomo ulisema wenyewe. Kichwa changu kilikuwa wazi, nywele zimelowa, kanga iko kwa mtoto, na baba mkwe anakuja. Mwili wangu ulifanya kile ulichofundishwa tangu siku ya kwanza nilipoingia kwenye ule ukoo. Uliinama.

Sauti ikaita tena. Safari hii ilikuwa mbali kidogo.

"Anti, anaondoka," Vanessa akasema. Hakulia. Aliniangalia tu kama mtoto anavyomwangalia mtu mzima akisubiri afanye kitu ambacho mtu mzima yeyote anakifanya.

Nikasimama. Nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga hata kwenye uchungu wa kuzaa.

"Baba! Baba, tuko huku! Baba mkwe! Mtoto anaganda!"

Kisha mianzi ikaanza kuvunjika, mtu anashuka kwa kasi.

Alipokaribia akasimama nyuma ya mianzi, akatupa mgongo. Akaanza kuongea na mtoto, hakuongea na mimi.

"Mjukuu, mwulize huyo mama, kuna aliyeumia?"

Vanessa akanigeukia. "Anti, babu anauliza kuna aliyeumia?"

"Mwambie ni mguu wako."

"Babu, ni mguu wangu."

"Mwulize huyo mama, unaweza kuukanyaga?"

Vanessa akachoka. "Babu, mguu si ni wangu mimi? Siwezi." Akatuangalia, yeye mgongo, mimi nimeinamisha kichwa. "Kwani mmegombana?"

"Hapana," tukajibu wote wawili kwa pamoja.

Nadhani hilo ndilo neno la kwanza mimi na baba mkwe kulisema pamoja.

Mzee akarudi kinyumenyume mpaka tulipo, akachuchumaa. Nikampandisha Vanessa mgongoni kwake. Lakini mtoto mikono ilikuwa imekwisha nguvu, haishiki shingo. Na mzee alihitaji mikono yake kushikilia mianzi, ule mteremko mlivyousikia. Ilibidi mtoto afungwe. Mzee akachukua ncha za kanga akajaribu kuzifunga kifuani. Vidole vyake vimepinda, ni vya mtu aliyechuma chai miaka mingi, na baridi ile ilikuwa imevimaliza kabisa. Fundo likafunguka. Akajaribu tena, likafunguka.

Hakuniomba. Alisubiri tu akiwa amechuchumaa, mtoto mgongoni.

Mbebaji anafungwa kwa mbele, mnajua. Nikazunguka. Nikapiga magoti mbele ya baba mkwe, kichwa wazi, nikazishika zile ncha.

Alikuwa amefumba macho.

Alifumba kabisa, kama mtu anayesali, mvua inamchuruzika kwenye nyusi. Ndipo nikauona uso wake kwa mara ya kwanza. Ni mume wangu akizeeka. Nikafunga fundo, kanga yangu kwenye kifua cha baba mkwe, jambo ambalo shangazi za mume wangu wangelisikia wangeshika vichwa.

"Kaza, mwanangu," akasema, macho bado kafumba. "Usiogope. Kaza."

Nikakaza.

Njia yote ya kurudi yeye mbele na mtoto, mimi nyuma yake. Hakukuwa na kujificha tena, na hatukuongea neno lingine. Pale kwenye basi alimkabidhi Vanessa kwa Mwalimu Mlowe, akafungua kanga, akaiweka kwenye kiti cha dereva, akaondoka bila hata kukaa.

Vanessa tulimwahisha zahanati. Mguu ulikuwa umeteguka, haukuvunjika. Walimpasha joto, wakampa uji, akaanza kudai chipsi, tukajua amerudi. Mungu ni mwema. Nasema hivyo kwa sababu nikisema ni mimi nitakuwa mwongo.

Sasa lawama.

Mama yake alikuja shuleni. Vanessa alikuwa amemsimulia yote, na mtoto hapunguzi. "Anti aliniambia ninyamaze babu alipokuwa anatuita." Mama aliniangalia akasema, "Yaani mwanangu angekufa kwa sababu wewe unaona aibu?" Nikataka kumwambia siyo aibu, ni heshima. Nikaona kwa mtoto aliyekaa pale kwenye mvua tofauti ni ndogo sana. Nikamwambia samahani. Alikuwa na haki. Hajanisamehe na simdai msamaha.

Mwalimu mkuu alinipa onyo la mdomo. Naye ana haki. Mwalimu Mlowe alisimama akasema alijua na aliruhusu, hakunikimbia. Hilo nitamkumbukia.

Kuna mzazi mwingine akasema tatizo ni guide, ameacha watu nyuma bila kuwasubiri pale njia panda. Hili liliniuma kuliko yote, maana mume wangu alikuwa ameshaniambia upande wa baba yake.

Kawaida yake mzee anasimama mwenyewe pale njia panda mpaka mtu wa mwisho apite. Hajawahi kuacha. Siku ile alisimama, watoto wakapita, Mwalimu akapita. Akajua aliyebaki ni mimi. Akafikiri, nikibaki hapa mkamwana atakwama huko juu kwenye mvua, hatapita mpaka niondoke. Akaondoka ili nipite. Aliamini maelekezo nimeyasikia.

Nami maelekezo sikuyasikia kwa sababu nilikuwa namheshimu.

Mnaona, wakuu? Hakuna aliyemkosea mwenzake. Kila mmoja alimheshimu mwenzake vizuri kabisa, na katikati ya heshima zetu mbili akaangukia mtoto wa mtu.

Nilimweleza hivyo yule mzazi, na nikasema kama kuna wa kulaumiwa pale njia panda tugawane nusu kwa nusu. Sijui kama alinielewa.

Kwa upande wa ukweni, shangazi mkubwa wa mume wangu alitaka kikao. Wengine wakasema nimevunja mwiko kwa hiyo nitoe kuku. Wengine wakasema mzee ndiye atoe. Mzee alijibu neno moja tu kwamba mtoto alikuwa anaganda, akaenda shambani kwake. Kikao kikafa. Nilipoenda kuwasalimia juzi nilijiambia sasa yamekwisha, nitasimama nimwamkie kama binadamu. Alipotokea nikajikuta nimeshaingia kwenye migomba. Sijui ni heshima au ni miguu tu. Nimechoka hata kujiuliza.

Wiki iliyopita tulikuwa na kikao cha wafanyakazi wote kupanga safari inayofuata. Mwalimu mkuu akasema kuanzia sasa kabla ya safari yoyote atauliza swali moja. Akauliza pale pale: "Kati ya mnaokwenda, kuna mtu ambaye hawezi kuongea na mwenzake, kwa sababu yoyote ile?"

Watu wakacheka, wakanigeukia. Hata mimi nikacheka, nifanyeje.

Halafu dereva akanyoosha mkono. Kumbe yeye na mpishi hawasemeshani tangu msiba fulani, wakitaka kuambiana kitu wanampitia mlinzi. Kicheko kikapungua. Mwalimu mmoja wa hesabu akanyoosha mkono, hakusema ni nani, ila mwenzake aliyekaa dirishani naye akanyoosha wa kwake taratibu, macho chini. Mkono wa nne ulikuwa wa Mwalimu Mlowe. Sikuutegemea kabisa.

Mwalimu mkuu hakuuliza sababu za mtu. Alisema tu, "Basi watu wa namna hiyo hawatakaa ncha mbili za mstari mmoja wa watoto." Akaanza kutupanga upya.

Nilichojifunza ni hicho, na siyo kikubwa. Mila yako kaa nayo, ugomvi wako kaa nao, sikuambii uache. Ila ukipewa mtoto wa mtu, sema mapema ni nani huwezi kumwita. Usingoje mpaka akuite yeye kwenye ukungu.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mliooa na kuolewa kwenye koo zenye kukwepana, nyie mnafanyaje likitokea la dharura? Na walimu mliomo humu, mngenipa onyo au mngenifukuza? Semeni bila kunionea huruma. Nitasoma zote, ila kujibu mtanivumilia, watoto wa bweni la chini wana mafua.